Shahidi wa Gharama za Bi Sikudhani

Nchi ya Tamkani haimo katika ramani zinazouzwa madukani, na mimi sitaeleza nilivyofika huko, kwa kuwa safari yenyewe ilikuwa ya vumbi na uchovu kama safari nyingine zote. Nitaeleza niliyoyaona baada ya kufika, na hasa yaliyompata mwanamke mmoja aitwaye Bi Sikudhani, ambaye alikuwa ameshinda kesi.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuuza karatasi. Mke wangu alikuwa amefariki miaka miwili kabla, hatukujaliwa mtoto, na nyumba yangu ilikuwa kimya kiasi kwamba nilizoea kukaa sebuleni na viatu miguuni, kama mtu aliyekuja kumtembelea mwingine akamkosa. Niliposikia kwamba serikali ya Tamkani hutumia karatasi kuliko serikali yoyote, nilifunga mzigo nikaenda.

Juu ya lango la mji mkuu wa nchi hiyo pameandikwa kwa herufi kubwa za shaba: KILA KINYWA NI HURU. Wafanyakazi wa mji hulisugua andiko hilo kwa ndimu na majivu kila Ijumaa. Mgeni akisimama kulisoma, wenyeji humzunguka na kumweleza kwamba nchi jirani hazina lango kama lile. Nilikubali kwamba kwetu pia halipo.

Siku ya pili, nikitafuta wanunuzi katika mtaa wa Maghalani, niligundua jambo. Wachuuzi walikuwa wakitangaza bidhaa zao kwa sauti kubwa, lakini kila walipoikaribia nyumba moja yenye kitambaa cheupe mlangoni, walinyamaza na kuinamisha macho. Wakishaipita, kelele zilianza upya. Nilidhani ndani kuna mgonjwa wa maradhi ya kuambukiza. Nilimuuliza muuza mkate wa jirani, naye alinivuta hadi upande wa pili wa barabara kabla ya kujibu.

"Hakuna mgonjwa," alisema. "Huyo ameshinda kesi."

Kisha akanieleza, na mengine niliyajua baadaye kutoka kwa mwanamke mwenyewe. Bi Sikudhani alikuwa mpimaji katika soko la nafaka kwa miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa kuweka jiwe la Dola upande mmoja wa mizani, mahindi ya mkulima upande wa pili, na kutangaza uzito. Siku moja alilipima jiwe lenyewe, akaona limezidi uzito uliochongwa juu yake. Wakulima walikuwa wakitoa mahindi mengi kuliko waliyolipwa. Alimweleza mkuu wa soko, akaambiwa suala litaangaliwa. Akamweleza tena. Mwezi wa tatu alipanda juu ya gunia mbele ya wakulima akasema, "Jiwe hili linakula mahindi yenu."

Kesho yake alipelekewa amri ya Dola kwamba asiseme neno lolote likasikiwa na mkulima yeyote. Huko Tamkani karibu kila mtu analima, hata kama ni tuta moja la mchicha nyuma ya nyumba, kwa hiyo amri hiyo ilikuwa na maana kwamba asiseme na mtu. Soko likamfukuza kazi, kwa kuwa mpimaji asiyeweza kutangaza uzito hana kazi. Akaishitaki Dola. Wakili wake alikuwa mzee Kirobo, mtu wa sauti ndogo mwenye chumba kimoja juu ya duka la vyungu, ambaye aliacha wateja wengine ili aishughulikie kesi hiyo. Walipigana miaka mitano. Mwishowe majaji wakasema waziwazi kwamba amri ilikuwa batili, kwamba Bi Sikudhani alikuwa na haki kamili ya kusema aliyoyasema, na kwamba, kama sheria ya nchi inavyotaka, aliyeshindwa atamlipia mshindi gharama za wakili wake. Watu waliojaa mahakamani walisimama wakapiga makofi. Siku hiyo andiko la langoni lilisuguliwa ingawa haikuwa Ijumaa.

Lakini kabla gharama hazijalipwa lazima zikadiriwe, na ukadiriaji una sheria yake. Mdai, maadamu hesabu yake inakadiriwa, hasemeshwi na mwenyeji yeyote nje ya baraza la ukadiriaji. Sababu ni kwamba Dola hulipa kwa fedha za kodi, kila mwenyeji hulipa kodi, na hivyo kila mwenyeji ni upande katika shauri. Yeye mwenyewe anaruhusiwa kusema apendavyo na popote apendapo. Wanaokatazwa ni wale ambao wangemjibu.

Nilimuuliza muuza mkate kama haoni ajabu. Alifikiri kwa uaminifu kabisa.

"Majaji walisema ana haki ya kusema," alijibu. "Hawakusema kwamba kuna mtu wa kumjibu."

Ukadiriaji ulikuwa umeingia mwaka wa nne.

Siku ya tatu niliitwa Ofisi ya Ukadiriaji wa Gharama. Mkadiriaji Mkuu, Bwana Nassibu, alikuwa mtu mpole mwenye mikono safi. Alinikaribisha kiti, akauliza nimelalaje, kisha akafungua daftari na kuniuliza maswali matatu. Je, kuna mtu ninayemjua katika nchi hii? Nikasema hakuna. Je, kuna mtu wa nchi hii anayenidai, au ninayemdai? Hakuna, kwa kuwa sijauza hata karatasi moja. Je, huko nilikotoka kuna mtu anayeningoja?

Hilo la tatu lilinichukua muda. Nikasema hakuna.

Bwana Nassibu aliyaandika majibu yangu kwa furaha ambayo hakuificha. Alieleza kwamba sheria inataka stakabadhi za mdai zisomwe mbele ya shahidi asiyemjua mtu, na shahidi wa namna hiyo ni adimu. Wageni wengi huja na shemeji, au na barua ya kumpelekea fulani. Katika shauri la Bi Sikudhani mashahidi watatu walikuwa wameharibika. Mmoja alioa, wa pili alifungua duka, wa tatu alianza kusalimiana na majirani. Sheria huruhusu wanne tu. Wa nne akiharibika, madai yote hufutwa.

"Lakini wewe," alisema, akinitazama kama mtu atazamavyo shuka lisilo na doa, "kwa miaka mingi hatujapata mtu safi kama wewe."

Niseme kweli: ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu afurahi kuniona. Nikakubali.

Nilivishwa beji ya shaba. Nikakatazwa kuuza karatasi, maana biashara huzaa kujuana. Nikapewa chumba, na chakula kilichowekwa mlangoni na mtu ambaye sikupata kumwona uso. Beji ile ilifanya kazi kama kitambaa cheupe: nilipopita, watu walinyamaza. Kwa wiki ya kwanza hilo halikunisumbua. Nilikuwa na mazoezi.

Kila siku saa tatu asubuhi nilikwenda nyumbani kwa Bi Sikudhani na kukaa kwenye kiti karibu na mlango. Yeye alikaa mkekani, na mbele yake sanduku la stakabadhi mia tatu na kumi na mbili. Sheria iliniruhusu kumwambia maneno matatu: "Nimesikia," "Rudia," na "Endelea." Alitakiwa kusoma stakabadhi kumi na mbili kwa siku, kwa hiyo kazi yetu ilikuwa ya siku ishirini na sita.

Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, na sauti yake ilikuwa bado ya sokoni, sauti ya kufika nyuma ya umati. Siku za mwanzo alisoma haraka bila kunitazama. Karatasi za hati ya madai, riale mbili. Nimesikia. Ada ya kufungua jalada, riale kumi na moja. Nimesikia. Akimaliza ya kumi na mbili, alifunga sanduku na mimi nikaondoka.

Siku ya tano alisoma stakabadhi ya nauli ya wakili kwenda mahakama ya juu, riale nne, halafu hakuendelea na nyingine. Alisema kwamba siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mzee Kirobo alificha mafaili ndani ya kanzu yasilowe, akaingia mbele ya majaji na tumbo kubwa mbele, hata jaji mmoja akamuuliza kwa heshima kama anaumwa. Aliyasema hayo akiitazama karatasi. Kisha akaniinulia macho, kuona nitafanya nini.

Nilikuwa na maneno matatu. Nikachagua moja.

"Endelea," nikasema.

Tangu siku hiyo kila stakabadhi ilikuja na habari zake, na mimi nikawa nasema "Endelea" zaidi ya "Nimesikia." Kwa njia hiyo nilijua kwamba anakunywa chai ya hiliki bila sukari, kwamba hapendi bamia, na kwamba mumewe aliondoka mwaka wa pili wa kesi. Hakuondoka kwa hasira. Alimwambia tu kwamba amechoka kuwa mume wa kesi, akachukua redio na blanketi moja.

Nilijua pia habari za Kibibi. Huyo alikuwa dada yake mdogo, na nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja. Fedha za wakili zilipokwisha, Kibibi ndiye aliyeiweka nyumba yake rehani, ili Dola ikishindwa ilipe na nyumba ikombolewe. Dola ilishindwa, na tangu siku hiyo Kibibi, kama mwenyeji mwingine yeyote, hakuruhusiwa kumsemesha dada yake. Basi alianza kutwanga. Kila asubuhi alipiga kinu mara tatu, akangoja, akapiga mara mbili, na Bi Sikudhani akaugonga ukuta kwa kiganja. Mwaka wa pili jirani mmoja alitoa taarifa. Ofisi ya Ukadiriaji ilikaa siku nane kujadili kama kutwanga ni kusema. Iliamuliwa kwamba kutwanga si kusema, mradi ndani ya kinu kuwe na kitu. Mkaguzi hupita bila kutarajiwa kuchungulia kinuni.

"Kwa hiyo hutwanga mchele kila siku, anauhitaji hauhitaji," Bi Sikudhani alinieleza. "Dada yangu anakula uji miaka miwili sasa, kwa ajili yangu."

Mwenye rehani alikuwa amempa Kibibi hadi mwisho wa mwezi ule.

Siku ya kumi na tisa alitoa sandukuni karatasi ndogo kuliko nyingine. Alisoma: "Maombi ya kibali cha mdai kupewa pole. Nusu riale. Maombi yamekataliwa."

Mama yao alifariki katika mwaka wa kwanza wa ukadiriaji. Watu walikuja msibani, maana sheria haikatazi kuja. Walikaa mkekani pamoja naye, wakala, wakaosha vyombo, wakaondoka mmoja mmoja. Kwa Kibibi, upande wa pili wa ukuta, walisema yote yanayosemwa siku kama hizo. Kwake walimshika mkono tu, wakatazama chini. Mzee Kirobo ndiye aliyeandika maombi yale, kwa wino wake na bila malipo, ila ada ya ofisi ilikuwa lazima ilipwe. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili. Lilieleza kwamba pole, kwa asili yake, inaonyesha kuegemea upande.

Alimaliza, akaningoja. Nilijua maneno yangu matatu. Niliyapitia yote kichwani na hakuna lililofaa. Kumwambia "Endelea" nisingeweza.

"Pole, dada," nikasema.

Hakunitazama. Aliikunja karatasi ile mara mbili, akaikunjua, akailaza juu ya goti na kuinyoosha kwa kiganja kana kwamba ina makunyanzi. Nilisikia muuza mkate nje akinyamaza, akipita, akaanza tena.

"Kaka," alisema hatimaye, "umevunja sheria."

Nikamwambia najua.

Aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na vikombe viwili vya chai. Tulikunywa. Kisha akasoma stakabadhi zilizobaki za siku ile, na mimi nikasema "Nimesikia" kwa kila moja, kama inavyotakiwa.

Baraza la ukadiriaji lilikaa mwisho wa mwezi, siku tatu mfululizo. Ukumbi ulijaa. Dola iliwakilishwa na Bi Ghanima, mwanasheria makini ambaye hakupandisha sauti hata mara moja. Mzee Kirobo alikuwapo, lakini kwa kuwa fedha zilizojadiliwa zilikuwa ujira wake, hakuruhusiwa kusema. Alikaa na mikono magotini.

Siku ya kwanza ilijadiliwa kama Bi Sikudhani alishinda. Bi Ghanima alieleza kwamba wiki moja kabla ya hukumu Dola, kwa hiari na wema wake, iliondoa jiwe lile sokoni na kuifuta amri. Basi majaji walipohukumu, hapakuwa tena na jiwe. Pasipo jiwe hapana ugomvi, na pasipo ugomvi hapana aliyeshindwa, na pasipo aliyeshindwa mshindi anatoka wapi? Watazamaji wengi waliandika hoja hiyo katika vijitabu vyao. Bwana Nassibu alitafakari mpaka adhuhuri, akaamua kwamba alishinda kwa kiasi.

Siku ya pili yalikadiriwa maneno ya mzee Kirobo. Sentensi ambazo majaji walizirudia katika hukumu zilihesabiwa zote. Zile ambazo hawakuzirudia zilichukuliwa kwamba wakili alizisema kwa kujifurahisha. Salamu zake kwa majaji zilikatwa, kwa kuwa salamu hutolewa na kila mtu bila ujira. Saa moja na nusu ilitumika juu ya kikohozi alichokohoa mwaka wa tatu wa kesi, kama muda wake ulipwe na Dola au na kifua chake. Bi Ghanima alitoa pia hoja pana zaidi. Haki, alisema, hainunuliwi katika Tamkani. Mdai anadai kwamba alitoa fedha akapata haki. Ama hakutoa fedha, na basi hadai kitu, ama alitoa, na basi tumuulize alikuwa akinunua nini. Nilimtazama mzee Kirobo wakati miaka yake ikipunguzwa mstari kwa mstari. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza habari za mtu asiyemjua.

Hata hivyo asubuhi ya siku ya tatu Bwana Nassibu alisoma kilichobaki, na kilichobaki kilitosha. Kingeikomboa nyumba ya Kibibi, na mzee Kirobo angepata cha kulipia pango la chumba chake. Kibibi alikuwa amekaa safu ya nyuma. Nilimwona akifunika uso kwa upande wa khanga. Kilichokosekana ni ushahidi wangu tu.

Niliapishwa. Bi Ghanima aliniuliza kama ninamfahamu mdai.

"Simfahamu," nikasema.

"Anakunywaje chai?"

"Sijui."

"Umewahi kumwita kwa jina lolote?"

"Sijawahi."

Sikuona aibu wakati ule. Nilikuwa nikiiwaza nyumba ya Kibibi na mwisho wa mwezi, na niliona kwamba maneno machache ya uongo ni bei ndogo. Bwana Nassibu aliuchukua mhuri, akaupulizia.

Bi Sikudhani akasimama, akaomba kusema. Bwana Nassibu alimwambia, kwa upole wake wote, kwamba katika nchi hii hahitaji kuomba.

"Mtu huyu ananifahamu," alisema. Hakutumia sauti ya sokoni. "Nakunywa chai ya hiliki bila sukari, na anajua, kwa sababu alikunywa kikombe nyumbani kwangu. Ameniita dada. Alinipa pole ya mama yangu."

Bi Ghanima alimuuliza kama anaelewa anachokifanya, na nadhani aliuliza kwa kumwonea huruma. Bi Sikudhani akasema anaelewa.

"Ile pole niliingoja miaka mitatu," alisema. "Siwezi kukaa hapa nikasikia kwamba sikuipata."

Aligeuka kumtazama Kibibi. Walitazamana muda mrefu, safu tisa za viti kati yao, na sijui waliambiana nini kwa macho. Kisha akaketi.

Bwana Nassibu aliurudisha mhuri sandukuni. Aliandika kwa masikitiko ya kweli, maana mkono wake ulikuwa ukisimama. Madai yakafutwa. Kuhusu kiapo changu cha uongo, alisema sheria haina adhabu, kwa kuwa mgeni aliyemdanganyia mdai amethibitisha tu kwamba wanafahamiana, na hilo limekwisha kuamuliwa. Ila mgeni aliyepata wa kumjua si mgeni tena, na mimi sikuwa mwenyeji. Nilitakiwa kuwa nje ya mipaka kabla ya alasiri.

Kwenye ngazi za nje mzee Kirobo alitungoja. Hapakuwa tena na ujira wa kumzuia kusema. Alikohoa, akatabasamu kidogo.

"Ungeniuliza, ningekushauri unyamaze," alimwambia.

"Ndiyo sababu sikukuuliza, mzee wangu," Bi Sikudhani akasema, akaanza kulia. Mzee alimshika bega, na alipokwisha kulia akamwambia kwamba chumba kile juu ya duka la vyungu kilikuwa na joto mno hata hivyo, na ana mpwa mashambani anayemtaka akakae naye. Sikujua kama ni kweli. Waliagana hapo.

Tulikwenda mtaa wa Maghalani, kwa kuwa mzigo wangu wa karatasi ulikuwa umetolewa chumbani na kuwekwa barabarani mbele ya nyumba yake, maana kosa letu liliandikwa pamoja. Njiani nilimwomba radhi. Nilimwambia kwamba kama ningefunga mdomo siku ile ya kumi na tisa, leo nyumba ya dada yake ingekuwa imepona.

"Ni kweli," alisema. "Nimekuwa nikilifikiria hilo tangu siku ile. Na kila nikilifikiria, bado nataka uwe umeniambia."

Tarishi wa ofisi alikuwa ametutangulia na kukifungua kitambaa cheupe. Madai yamefutwa, basi hapakuwa na mdai. Wachuuzi walisimama kando ya barabara na bidhaa zao vichwani, hawajui waanzeje. Muuza mkate ndiye aliyejitokeza kwanza. Alifuta mikono kwenye aproni yake.

"Habari za tangu siku nyingi, Bi Sikudhani," alisema.

Alimjibu kuwa ni nzuri. Akasalimiwa na wa pili, na wa tatu, kisha wakawa wengi, na kila mmoja alianza kwa kumpa pole ya mama yake. Aliwajibu wote. Mwanamke mmoja mzee aliisema pole hiyo mara nne, akidhani hakusikiwa.

Kibibi alifika akitembea haraka, akapenya kati ya watu mpaka mbele ya dada yake. Wenye kusalimia walinyamaza. Nilimwona kwa karibu kwa mara ya kwanza: mwanamke mnene mwenye viganja vigumu vya kushika mchi.

"Nyumba imekwenda," Bi Sikudhani alimwambia.

"Najua," Kibibi akasema. "Umekula?"

Bi Sikudhani alitikisa kichwa. Kibibi alimshika mkono, wakaingia ndani.

Nilibaki barabarani na mzigo wangu. Mlango waliuacha wazi. Nilitaka kuingia kuaga, na nilipanda hadi kizingitini, nikavua kofia. Walikuwa jikoni. Walikuwa wakisema wote kwa pamoja, hakuna aliyemngoja mwenzake amalize: habari za bati linalovuja, harusi ya binti wa shangazi, nani amezaa, nani amehama, wapi watapanga chumba, mama alivyosema siku yake ya mwisho. Sufuria ilianguka na hakuna aliyejali. Sikuwahi kusikia maneno mengi namna ile katika nyumba moja.

Kama ningebisha hodi, wangenyamaza ili wanikaribishe. Nilivaa kofia, nikashuka taratibu, nikauchukua mzigo wangu na kushika njia ya mpakani.